Shukrani kwa Supu

Walicheka walipofika kwenye supu. Nilikuwa nimeketi safu ya nyuma pamoja na binti yangu Kavata, katika chumba cha kusomea cha maktaba ya chuo kikuu kimoja hapa Washington, ambacho asubuhi hiyo kilikuwa kikipewa jina la marehemu Profesa Alden Whitlow. Kibao cha shaba kilisubiri ukutani, kimefunikwa kitambaa cha buluu. Mkuu wa kitivo, mama mmoja mwenye sauti nzuri, alikuwa akitusomea dibaji ya kile kitabu kilichomletea Whitlow sifa zake zote, akiteremka na shukrani taratibu: maprofesa wenzake wa Ulaya, wakutubi, mhariri, mke wake, mpaka akafika mstari wa mwisho. "Na kwa Bi. Tilly Krahmann, kwa supu zake za Jumamosi." Hapo ndipo walipocheka. Kilikuwa kile kicheko laini cha watu walioshiba, cha kusema, ona jinsi mtu mkubwa alivyowakumbuka hata wadogo. Kavata naye alitabasamu, maana hakujua. Mimi nilihisi damu ikinipanda masikioni. Mstari huo niliusoma zamani, nimesimama jikoni kwenye nyumba moja ya Takoma Park na sufuria ikichemka mbele yangu, na nilikuwa nikijidanganya kwamba miaka yapata thelathini imenituliza. Haikuwa imenituliza hata kidogo.

Huyo waliyemcheka hakuwa mpishi wa mtu. Jina lake ni Dokta Ottilie Krahmann, mwanafilolojia wa Kijerumani, na kazi ya mwanafilolojia, kama alivyonieleza mwenyewe, ni kuchukua maandishi ya kale yaliyonakiliwa kwa mkono na watu waliochoka, mmoja baada ya mwingine kwa karne nyingi, na kutafuta ni nini hasa mwandishi wa kwanza alichoandika. Alipata udaktari wake wa Kigiriki akiwa bado msichana, kisha wakamfungia mlango wa maktaba ya chuo chake huko Ujerumani kwa sababu nyanya yake mmoja alikuwa Myahudi. Akakimbilia Marekani. Hapa napo vyuo vikuu vikamwambia havina nafasi ya mwanamke, na vilipoanza kuwa na nafasi za wanawake, vikamwambia ni mzee. Basi akafundisha Kilatini kwa wasichana wa sekondari mpaka akastaafu, na kila jioni, maisha yake yote, akakaa kwenye meza ya jikoni akimsoma mshairi mmoja wa Kigiriki ambaye kazi zake nyingi zimepotea na zilizobaki zimeharibika. Hakuwahi kuolewa. Majirani walimwita Miss Tilly. Whitlow alimwita Tilly. Mimi nilimwita Dokta, kwa sababu siku ya kwanza aliniambia, "Hicho ndicho kitu pekee ambacho hawakuweza kuninyang'anya mpakani."

Nilifika kwake majira ya baridi, binti wa miaka ishirini na kitu, mwanafunzi wa uuguzi, nimetumwa na wakala wa kutunza wazee. Alikuwa amevunjika nyonga na alihitaji mtu wa kulala naye nyumbani. Nilipewa chumba cha darini, kilichoinama kama hema hivi kwamba ningeweza kusimama wima katikati tu, na dirisha lake lilitazama nyuma, kwenye reli. Vitabu vilianzia sebuleni vikapanda ngazi upande mmoja, kila kipago kikiwa na rundo lake, nasi tukapita upande wa pili kama watu wanaopishana na mgeni mnene. Jikoni ndiko kulikokuwa na joto. Palinukia kabichi, kahawa iliyochemshwa kupita kiasi na ule mkate mweusi mzito ambao niliuchukia wiki za kwanza na sasa naununua mwenyewe. Tulizungumza Kiingereza, yeye chake cha Kijerumani, mimi changu cha Machakos, na kila mmoja akamsahihisha mwenzake bila huruma. Chakula cha jioni cha kwanza nilimwambia nitakuja kumwosha nitakapomaliza vyombo. Hilo *nitakapomaliza* nililisema kwa Kiswahili bila kujua, kwa uchovu. Akaweka kijiko chini. "Lirudie." Nikalirudia. "Hilo *po* linafanya nini humo ndani?" Sikujua linafanya nini. Nilikuwa nimelisema tangu utotoni kama mtu anavyotumia goti lake. Hakunilaumu; alikasirika tu kwamba hatukuwa na kitabu cha sarufi ndani ya nyumba, na kufikia mwisho wa mwezi alikuwa akinisumbua na *penda, pendwa, pendea, pendewa* huku nikimkausha mgongo.

Nami nilimletea mzigo wangu, ambao ulikuwa somo la anatomia. Nilikuwa nimeshalianguka mara moja na nilikuwa nikikariri majina ya mifupa nikilia. Dokta alinisikia nikikariri ngazini, akaita kwa hasira, "Nani amekufundisha kuimba namba za simu?" Akaagiza tupike kuku mzima. Tukala, kisha akaipanga mifupa kwenye sahani na kunieleza kila jina lilikotoka, Kigiriki hiki, Kilatini kile. Jina la mfupa wa muundi maana yake filimbi. Kifuniko cha goti ni kisahani. Kifupa cha mwisho cha uti wa mgongo kimeitwa kwa jina la ndege, kwa sababu kimechongoka kama mdomo wake. "Na mimi," akasema akijipapasa nyonga, "nimevunjikia kwenye kikombe cha siki. Tazama shimo hilo la mfupa. Warumi walikuwa na vikombe hivyo mezani." Alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo sikukariri tena. Alinifundisha kwamba neno lina asili na lina mwenyewe, na kwamba kulipokea bila kuuliza ni uvivu, na kulibadilisha kimyakimya ni wizi. Alikuwa na sentensi moja aliyoirudia mpaka nikamkinai: "Soma kilichoandikwa, Mwikali. Usisome unachotaka kiwe kimeandikwa."

Jumamosi ilikuwa siku ya Profesa Whitlow. Dokta aliamka mapema, akavaa gauni la kijivu na bizimu ya fedha, akanisimamia jikoni huku nikiloweka njegere kavu na kukata karoti, maana kusema kweli supu hizo nilizipika mimi na yeye akaziamrisha. Whitlow alikuja na maua kila mara. Alikuwa mwanamume mzuri wa umri wa kati, mwenye nywele zilizoanza kupendeza kwa mvi, na adabu ambazo nilizipenda mwanzoni: alinifungulia mlango, aliniuliza habari za masomo. Walijuana tangu akiwa mhadhiri kijana aliyekwama kwenye Kigiriki chake, akaelekezwa kwa mwalimu fulani mstaafu wa Takoma Park aliyejua mambo. Aliketi kwenye kiti cha dirishani, akaweka kinasa sauti kidogo kando ya mkate, akasema, "Ni kwa kumbukumbu tu, Tilly," kisha akauliza. Yeye aliuliza na Dokta akajibu. Kwa mwaka mzima sikuyasikia mazungumzo hayo yakienda upande wa pili hata siku moja. Angesema, "Mstari huu unanitatiza," naye Dokta akafumba macho, akausoma kwa moyo, akausoma tena, akasema ni wapi mwandishi aliyenakili alisinzia na kwa nini. Mimi nilikuwa nikipakua. Mtu anayepakua chakula husikia kila kitu, na ni ajabu jinsi waheshimiwa wanavyolisahau hilo.

Jumamosi ninayoikumbuka zaidi ilikuwa ya mvua, mwanzoni mwa masika ya huku. Whitlow alileta mistari inayomhusu mwanamume anayekwenda vitani na mkewe amesimama mlangoni. Kila kitabu kilichochapishwa, alisema, kilisomeka kwamba mume alimwacha mke nyumbani, na wasomaji wamemlilia huyo mke kwa karne nyingi. Lakini mapigo ya shairi hayakukaa sawa na hakuna aliyejua kwa nini. Dokta alifumba macho. Supu ikapoa. Kisha akasema kwamba herufi moja imeanguka. Iliyotangulia inafanana nayo, jicho la mnakili likaruka. Ukiirudisha, mapigo yanakaa, na maana inageuka yote, akamtolea na mfano wa funguo. Whitlow alisimama akatembea hadi kwenye jiko na kurudi, uso umemwiva. "Tilly," alisema, "hii itabadilisha shairi zima." Alipokwenda, nilimwuliza Dokta kuna nini hasa, akanieleza kwa lugha yangu, na furaha ya jambo hilo sijaisahau. "Wamesoma *alimwacha*," alisema akisimama imara kwenye kila silabi. "Mshairi aliandika *alimwachia*. Alimwachia nyumba. Unaona? Huyo mwanamke haombolezi mlangoni. Amekabidhiwa. Funguo ziko mkononi mwake." Akapiga meza kwa kiganja. "Wamemfanya aliyeachwa, kumbe ni aliyeachiwa!" Nilimshika mabega tukayumba pale jikoni kama watu waliopata habari ya harusi, na fremu yake ya kutembelea ikaanguka kwa kishindo.

Kitabu kilitoka mwaka uliofuata, wakati majani yameanza kubadilika rangi. Whitlow alikileta mwenyewe, na maua makubwa kuliko siku zote, lakini alisema ana haraka, hatakaa kula. Dokta alingoja gari liondoke. Akakifungua katikati, akapata mstari wa mlangoni, akasoma maelezo yaliyousindikiza. Yote yalikuwepo: herufi, jicho la mnakili, hata ule mfano wa funguo. Kila mahali palisemwa *napendekeza*, *nimeonyesha*, *naamini*. Akarudi mwanzo, akatafuta jina lake, akaupata ule mstari wa supu. Nilikuwa nikikoroga sufuria na nikamwona akiusogeza ukurasa machoni, mbali, karibu, kana kwamba hati imeharibika na neno la kweli liko chini yake. Akanipa nisome. "Pameandikwa nini hapo, Mwikali? Soma kilichoandikwa." Nikausoma kwa sauti. Akasema, "Basi nimesoma sawasawa," akaenda kulala mchana wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kesho yake alimpigia simu. Nilisikia upande wake tu, lakini ulitosha. "La, hatukuzungumza, Alden. Mimi nilisema na wewe ukasikiliza." Kimya. "Sitaki chakula cha mchana. Nataka marekebisho yachapishwe, mahali watu wanaposoma." Akahamishia simu sikio la pili. "Mimi, mpendwa wako? Tangu lini?" Akaikata. Siku zilizofuata aliwapigia watu wengine, wahariri na maprofesa, kila mmoja akamsikiliza kwa upole ule ambao watu huwawekea wazee na watoto, na kila mmoja, nilikuja kujua, akampigia Whitlow baadaye kumpa pole. Mtu mkubwa kama huyo, kusumbuliwa na bibi kizee aliyemfanyia wema! Hapo ndipo Whitlow alipofanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa baya kuliko wizi wenyewe. Alimtafuta Bwana Kurt, mtoto wa dada yake Dokta, aliyeishi Ohio na kuja mara moja kwa mwaka, akamwambia kwa masikitiko kwamba Tilly anaanza kupotewa na akili.

Walikuja wote wawili siku ya kazi, pamoja na daktari ambaye hatukumjua. Daktari alikaa kidogo na Dokta chumbani kwake chini, mlango wazi, kisha wakaniita sebuleni. Bwana Kurt hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetaka jambo liishe. Whitlow ndiye aliyeongoza, akiwa ameketi mkono juu ya goti, sauti ya mazishini. "Wewe unaishi naye, binti. Hakuna anayemjua vizuri kama wewe. Mweleze daktari unayoyaona. Je, huongea peke yake kwa lugha isiyoeleweka?"

"Husoma mashairi kwa Kigiriki," nilisema. "Wewe unayaelewa. Umekula hapa kila Jumamosi ukiyasikiliza."

"Bila kitabu?"

"Bila kitabu. Anayajua."

Daktari akaandika kitu. Whitlow akatikisa kichwa kwa huzuni kana kwamba nimekiri. "Na je, huwatuhumu watu kwamba wamemwibia?"

"Ndiyo."

"Mara nyingi?"

"Kila siku," nikasema. "Kwa sababu umemwibia."

Kutoka chumbani kule Dokta alipiga kicheko kimoja kikubwa, kama mlango uliofungwa na upepo. Daktari akaandika na hilo pia. Bwana Kurt akainuka akasema labda mimi ni mdogo na nimejishikamanisha mno, akaniuliza kwa upole kama najua kwamba nipo nchini kwa kibali cha masomo, na kama wakala wangu anajua ninavyoongea na familia za wateja. Nilimwambia Dokta ndiye mteja. Jioni hiyo wakala alinipigia. Sikupewa hata nafasi ya kujieleza, niliambiwa nifungashe. Nilipokwenda kumuaga, Dokta alikuwa kitandani amevaa lile gauni la kijivu, siku isiyo Jumamosi. Alinishika kidevu, akasema, "Ulijibu vizuri. Sentensi fupi." Hakulia. Nililia mimi, hadi kwenye kituo cha treni, na nililia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimesema kweli tupu na ile kweli ilikuwa imeandikwa kama dalili ya ugonjwa wake.

Nimekuwa mkalimani wa Kiswahili mahakamani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu hapa. Uuguzi niliumaliza nikauacha. Watu huniuliza nilijifunzia wapi kazi hii, nami nawaambia Takoma Park, nao hudhani nimewatania. Siku moja aliletwa mzee mmoja Mkongo ambaye maombi yake ya hifadhi yalikuwa karibu kukataliwa, kwa sababu mara ya kwanza alisema waliomvamia walimuua nyanya yake na mara ya pili akasema walimuua mke wake. Muongo, walisema. Nikaomba ruhusa nimwulize alitumia neno gani. "Bibi," akasema. "Bibi yangu, mama wa watoto yangu." Kwake bibi ni mke. Mkalimani wa kwanza alikuwa Mkenya kama mimi, na kwetu bibi mara nyingi ni nyanya, basi akasikia alichozoea kusikia. Mzee yule alipewa hifadhi. Nilipotoka nje nilikaa garini nikamkumbuka Dokta na *alimwachia* yake, na nikafikiri, hii ndiyo kazi yake, inaendelea, na hakuna kibao cha shaba popote.

Kwa hiyo siku ile kwenye maktaba, kicheko cha supu kilipoisha na Mkuu wa kitivo akauliza kama kuna mgeni mwenye kumbukumbu fupi ya marehemu, nilisimama. Kavata akanivuta koti. "Mum, please. Not here." Nikamwambia, "Hapahapa, mwanangu." Nilisema jina langu na kwamba niliishi nyumbani kwa Dokta Ottilie Krahmann mwaka ambao mazungumzo yaliyozaa kitabu hicho yalifanyika. Nyuso zikang'aa, walitarajia hadithi tamu ya jikoni. Nikawaambia nani aliipata ile herufi iliyoanguka, mezani, mvua ikinyesha, na nani alikuwa akirekodi. Nikawaambia supu yenyewe Dokta hata hakuipika. Niliwaambia jinsi alivyoitwa mgonjwa kwa kudai kilicho chake, na nikasema kama chumba hiki ni cha aliyefanya kazi hiyo, basi wamekosea jina. Sikupiga kelele. Mahakama imenifundisha kusema jambo zito kwa sauti ya kawaida.

Walitabasamu kiungwana. Mkuu wa kitivo akasema, "Asante sana kwa kumbukumbu hiyo ya kugusa moyo," akavuta kitambaa cha buluu, watu wakapiga makofi. Wakati wa chai profesa mmoja mwenye miwani ya fremu nyekundu alinijia akaniuliza kama kanda zile bado zipo. Nilimwambia zilikuwa za Whitlow, amwulize mjane wake. Akaniuliza, bila ubaya wowote, kama nina uhakika nilielewa walichokuwa wakijadili, kwa kuwa, alisema, suala lile ni gumu hata kwa wataalamu. Nikamweleza. Nikamweleza herufi, jicho la mnakili, mapigo, mke na funguo, nikisimama na kikombe mkononi, na nikaona macho yake yakibadilika, kwanza akashangaa, halafu akaona haya, halafu, jambo lililonichoma zaidi, akaanza kutazama saa. Aliahidi kunipigia. Hajapiga. Kibao kipo, nilipita tena mwezi uliopita, kinasuguliwa vizuri. Ndani ya kabati la kioo chini yake kuna vitabu kutoka nyumba ya Takoma Park, vile vya ngazini, alivyovichukua Whitlow kutoka kwa Bwana Kurt, na kadi ndogo inayosema vilikuwa mali ya Profesa. Siku ile ya sherehe Kavata alisimama mbele ya kabati hilo akaisoma kadi. Njiani kurudi nyumbani hakuwasha redio, na tulipokaribia akaniuliza jina kamili la Dokta linaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja, naye akaliandika.

Lakini kuna jambo sikuwaambia pale, kwa sababu sikuona aliyestahili kulisikia. Nilipofukuzwa nilikwenda kukaa Temple Hills kwa rafiki yangu Nyaboke, Mkisii niliyejuana naye kanisani, tukilala kitanda kimoja kwa zamu kwa sababu yeye alifanya kazi usiku na mimi nilisoma mchana. Nilimpigia Bwana Kurt kuuliza amempeleka wapi Dokta. Hakunijibu kamwe. Nyumba ya Takoma Park ilikuwa imefungwa, na mlangoni pamebandikwa tangazo la kuuzwa. Niliuliza kwa majirani, nikauliza hata kwa mwenye duka la mikate. Walijua tu kwamba Miss Tilly ameondoka na gari jeupe. Karibu na Krismasi, baada ya ibada, tulikuwa tumeketi kwenye ukumbi wa chini wa kanisa tukila chapati na maharagwe, na Nyaboke, ambaye alikuwa amehamishwa zamu ya mchana kwenye nyumba ya wazee huko Bowie, alikuwa akitusimulia vituko vya kazini. "Kuna shosho mmoja Mzungu ameletwa kwetu," akasema, "anapayuka kutwa lugha haijulikani. Hata Wajerumani wenyewe hawaielewi, tulimwitia mmoja. Tena mkali! Ukimwita Miss, anakuambia sema Dokta." Niliangusha chapati yangu. Nadhani nilimshika mkono kwa nguvu mno, kwa sababu alisema, "Wee Mwikali, unaniumiza."

Tulikwenda Jumapili iliyofuata na kwaya ya kanisa, iliyokuwa na kawaida ya kuwaimbia wazee, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Alikuwa kwenye chumba cha watu wawili, kwenye kiti kando ya dirisha, amevalishwa fulana ya waridi ambayo haikuwa yake. Ukutani televisheni ilikuwa ikipiga kelele kwa ajili ya jirani yake, ambaye alikuwa amelala. Hapakuwa na kitabu hata kimoja. Alikuwa amekonda sana. Alifariki kabla ya theluji kuisha, na hiyo ilikuwa mara ya mwisho kumwona. Siku hiyo macho alikuwa ameyafumba, mikono mapajani, midomo yake ikienda kwa mapigo niliyoyajua, na sauti ikitoka ndogo lakini iliyonyooka. Nyaboke, aliyekuwa zamu siku hiyo, alisimama mlangoni na trei ya dawa. "Ndivyo anavyokaa siku nzima," akaninong'oneza. "Kwa faili wameandika amechanganyikiwa. Maskini, anapayuka tu."

"Hapayuki," nikamwambia. "Anasoma."

"Anasoma nini? Kitabu kiko wapi?"

"Wamekichukua."

Nyaboke alinitazama, akamtazama Dokta. Kisha akaweka trei juu ya meza, akaenda akazima televisheni. Chumba kikatulia, na tukamsikia vizuri, sisi wawili tusioelewa neno. Alifika mahali akasita. Akakunja uso, akarudi nyuma neno moja, akalisahihisha, akaendelea.